Mzee akivunjika nyonga, tusimfiche ndani

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalotokea manyumbani na watu wananyamaza: mzee kuanguka na kuvunjika nyonga.

Mvua ikinyesha hapa Bugoye, njia ya chooni inateleza. Mzee anaanguka mara moja tu, hawezi kuinuka. Jirani wanasema, "Ni uzee huo, mwacheni apumzike." Wengine wanaita mtu wa kumkanda. Siku zinapita, mzee hatoki tena kitandani. Kumbe si uzee, ni mfupa.

MFUPA GANI?

Mfupa wa paja, huku juu, una kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye nyonga. Kati ya kichwa na mfupa wenyewe kuna shingo. Kwa wazee, zaidi akina mama, mifupa imepungua nguvu, basi hata kuanguka kidogo kunatosha kuvunja shingo hiyo au sehemu iliyo chini yake.

Dalili ni hizi: maumivu kwenye kinena, mguu hauwezi kubeba uzito, na mara nyingi mguu huo unaonekana mfupi na umegeukia nje. Lakini tuwe macho: kuna wengine wanaotembea kwa kuchechemea, na mfupa umepasuka.

Damu inayolisha kichwa cha mfupa inapita shingoni. Shingo ikivunjika na kusogea, damu inaweza kukatika, na kichwa kikafa. Ndiyo sababu kukanda na kuvuta mguu ni hatari.

KULALA TU HAKUTOSHI?

Zamani mgonjwa alilazwa, mguu ukivutwa kwa uzito, wiki 6 hadi 12. Kijana anaweza kuvumilia. Mzee anapata vidonda vya mgongoni, kichomi, na damu kuganda miguuni. Wengi hawauawi na mfupa, wanauawa na kitanda. Mwaka 1925, kule Boston, Marekani, daktari Marius Smith-Petersen alianza kufunga shingo ya mfupa kwa msumari wa chuma wenye mabawa matatu. Kazi ya leo imetoka huko.

DAKTARI ANAFANYA NINI?

Kwanza picha ya eksirei. Halafu anachagua:

1. Shingo imepasuka bila kusogea: anaingiza skrubu, mara nyingi tatu, kushika kichwa mahali pake.

2. Shingo imesogea na mgonjwa ni mzee: anatoa kichwa kilichovunjika na kuweka cha chuma. Akiwa kijana, madaktari wanajitahidi kuokoa kichwa chake mwenyewe, na hapo haraka inahitajika sana.

3. Umevunjika chini ya shingo: anaweka skrubu moja kubwa iliyoshikwa na bamba la chuma ubavuni mwa mfupa, au msumari mrefu ndani ya mfupa.

Mambo yakienda sawa, mgonjwa anakalishwa na kusimamishwa kesho yake. Hiyo ndiyo faida kubwa. Lakini tuseme ukweli: upasuaji una hatari zake. Kidonda kinaweza kuoza, skrubu inaweza kulegea. Mwulizeni daktari kabla ya kutia sahihi.

Na vyuma? Tangu mwaka 1999 shirika la SIGN, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle wa Marekani, linatoa misumari ya mifupa kwa hospitali za nchi zisizo na uwezo. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni moja ya zilizoitumia. Wanaotoka upande wa Goma wanajua pia HEAL Africa, ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Jo Lusi, ni daktari wa mifupa.

MASWALI YA MTAANI

"Chuma kitavuta radi?" Hapana. Chuma kilicho ndani ya mwili hakiiti radi.

"Kitaoza?" Ni chuma maalum kisichoshika kutu. Mara nyingi kinabaki humo maisha yote.

"Ni mzee sana, tumsumbue ya nini?" Familia moja ninayoijua ilibishana siku nne. Watoto wa kiume wanasema hivi, wa kike vile, na bibi mwenyewe hakuna aliyemwuliza. Siku ya tano mjukuu wake, mwanafunzi wangu, akamwuliza. Bibi akajibu, "Nataka kufika chooni kwa miguu yangu. Nipelekeni." Basi tuwaulize wazee wetu.

AKIANGUKA, FANYENI HIVI

• Msimvute wala kumkanda. Wekeni nguo laini katikati ya miguu, kisha fungeni miguu yote miwili pamoja kwa kitenge.

• Mbebeni kwa kipoyi au gari, akiwa amelala. Msimpandishe bodaboda.

• Anzieni kituo cha afya cha Bugoye. Kituo cha ngazi ya III hakifanyi upasuaji mkubwa, kwa hiyo ombeni barua ya kwenda hospitali, na waulizeni ni wapi kuna daktari wa mifupa: Bwera, Kagando, Fort Portal au mbele zaidi. Mkimbizi anatibiwa katika hospitali za serikali kama mwananchi wa Uganda.

• Chukueni kadi ya familia, dawa anazomeza, na mtu wa kumwangalia. Ulizeni mapema gharama za vyuma na za gari, na kama damu itahitajika.

TUZUIE KABLA

Vijana, hii ni kazi yetu. Tutie changarawe kwenye njia ya chooni, tufunge kamba au mti wa kushikilia, tumchongee mzee fimbo. Usiku awe na tochi karibu. Ndagaa, maharage na mboga za majani vimsaidie mifupa, naye aote jua na atembee kila siku.

Wazee wetu walitubeba mgongoni njiani tukikimbia vita. Leo wakianguka, sisi ndio wa kuwabeba, tena mapema.