Mlima Unapotoweka Chiang Mai

Mtu akiniuliza kama aende Chiang Mai, nami humuuliza: mwezi gani? Wengi hushangaa, maana wamekuja na maswali ya nauli na hoteli. Jiji hili la kaskazini mwa Thailand lina sura mbili, na kalenda ndiyo inayoamua utakutana na ipi.

Wenyeji wana kipimo cha hewa kisichotaka betri: mlima Doi Suthep. Una urefu wa mita 1,676 na umesimama magharibi mwa jiji, karibu kabisa. Desemba unaonekana asubuhi na mapema, kijani kibichi, na hekalu la dhahabu liking'aa ubavuni. Machi kuna siku utasimama mtaa uleule, ukatazama upande uleule, usione mlima. Ni kijivu kitupu, na jua limening'inia kama sahani ya shaba.

Sababu ya kwanza ni jinsi jiji lilivyokaa. Mfalme Mangrai aliliasisi mwaka 1296 liwe makao makuu ya ufalme wa Lanna, kwenye bonde la mto Ping, mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, likizungukwa na milima. Kwa mpunga na ulinzi alichagua vizuri. Kwa moshi, bonde hilo ni mtego. Usiku wa kiangazi ardhi hupoa haraka, na hewa iliyoigusa hupoa nayo, ikawa nzito na kutuama chini. Juu yake hukaa tabaka la hewa yenye joto. Kawaida hewa ya chini hupata joto, ikapanda na kuondoka na uchafu wake. Tabaka hilo likishakaa, hewa ya chini haina pa kupandia. Aliyepika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha hahitaji maelezo zaidi.

Sababu ya pili ni moto wenyewe. Kuanzia Februari hadi Aprili misitu ya huko hupukutisha majani, na majani makavu hushika moto upesi. Wakulima wa milimani huchoma mabua ya mahindi kusafisha mashamba kabla ya mvua. Wako pia wanaochoma msituni wakiamini kwamba uyoga uitwao het thop, unaouzwa kwa bei nzuri sana mvua zinapoanza, huota vizuri palipoungua. Na upepo hauulizi pasipoti: moshi mwingine huingia kutoka Myanmar na Laos.

Mjini ni rahisi kumlaumu mkulima. Mimi naona lawama hiyo imekaa upande mmoja. Mahindi yale ni chakula cha mifugo, yananunuliwa na biashara kubwa, na mkulima wa mteremkoni ambako trekta halifiki hana njia ya kuondoa mabua iliyo rahisi kuliko kiberiti. Marufuku ya kuchoma hutangazwa mwaka baada ya mwaka, na moto huwaka mwaka baada ya mwaka. Januari 2024 Mahakama ya Utawala ya Chiang Mai iliiamuru serikali iandae mpango wa dharura ndani ya siku 90, baada ya wakazi kwenda kushtaki.

Kinachotuhangaisha sisi watu wa afya ni chembe ziitwazo PM2.5, zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele wa binadamu una upana unaokaribia mara 30 ya huo. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, ukazikohoa au kuzipenga. Hizi ndogo hufika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usipite mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Thailand yenyewe ilishusha kiwango chake kutoka 50 hadi 37.5 mwaka 2023. Siku mbaya za Machi, vipimo vya Chiang Mai hupita 100. Mwenye afya atawashwa macho na kuumwa koo. Mwenye pumu, mgonjwa wa moyo, mjamzito na mtoto mdogo, kwao hilo ni suala jingine kabisa.

Sasa sura ya pili. Novemba hadi Januari asubuhi ni za baridi ya kuvaa sweta, na anga ni safi. Jiji la kale ni mraba uliozungukwa na handaki la maji, kila upande kilomita moja na nusu hivi, kwa hiyo unalimaliza kwa miguu. Usiikose Wat Chedi Luang, mnara mkubwa wa matofali ambao tetemeko la mwaka 1545 liliuangusha kilele, nao ukabaki hivyo, umekatika. Mlimani utapanda kwa gari jekundu la songthaew, lenye mabenchi mawili yanayotazamana. Aliyepanda chai maharagwe za Dar es Salaam atajiona yuko nyumbani. Kisha ngazi zaidi ya 300 hadi hekaluni. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti.

Chakula nacho kina mengi. Anza na khao soi. Ni bakuli la tambi za mayai kwenye mchuzi mzito wa tui la nazi na bizari, paja la kuku ndani, na juu yake kishungi cha tambi zilizokaangwa zikakauka. Pembeni huletwa achari ya majani ya haradali, vitunguu vidogo vyekundu vibichi, kipande cha ndimu na pilipili iliyokaangwa kwenye mafuta. Kamua ndimu kwanza, halafu onja. Mtu wa pwani atautambua mchuzi kabla hajauliza jina lake. Chakula hiki huhusishwa na Waislamu wa Kichina waliotoka Yunnan, na karibu na msikiti wao wa Ban Haw, jirani na soko la usiku, utapata khao soi halali. Ijumaa asubuhi kuna soko lao pia. Asiyekula nguruwe awe macho kwingineko: soseji ya sai ua, chatini ya kuchovya ya nam prik ong na mchuzi wa hang le, vyote kwa kawaida ni nguruwe.

Kama tiketi ya Machi umeshaikata, ondoka nyumbani na barakoa za N95 zinazobana uso, maana zile za kitambaa hazizuii chembe hizi. Uliza hotelini kama chumba kina mashine ya kusafisha hewa, na tazama kipimo kila asubuhi kabla ya kutoka. Mwenye pumu asiende kabisa mwezi huo. Abadili safari aelekee kusini, Krabi au Phuket, ambako upepo wa bahari huwa umesafisha anga. Mvua za Mei zikishaanza kunyesha sawasawa, mlima huonekana tena.