Saratani ya Matiti: Yaliyo Katika Uwezo Wetu

Akina mama wengi wanaofika kwetu hospitalini huuliza kama saratani ya matiti hutokana na kugongwa na kichwa cha mtoto, au kuweka fedha ndani ya sidiria. La, haitokani na hayo, wala si laana. Umri mkubwa huongeza hatari, na pia kuzaliwa katika ukoo wenye ugonjwa huo. Hayo hatuwezi kuyabadili, lakini mengine tunayaweza.

Tuanze na kunyonyesha. Mwaka 2002 wataalamu walikusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, wakaona kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4 hivi. Miezi hiyo hujumlishwa: mama aliyenyonyesha watoto watatu, kila mmoja miaka miwili, amejiwekea miezi 72. Basi akina baba wampunguzie mama kazi za shamba ili apate nafasi ya kunyonyesha.

Kwenye pombe ndipo tunapokutana na wabishi. Pombe hupandisha mwilini kiasi cha estrojeni, homoni inayochochea chembe za matiti kukua. Tena inapovunjwa mwilini hutoa sumu inayoharibu chembe za urithi. Iwe bia ya chupa, mbege, ulanzi au divai ya Dodoma, ni mamoja. Hata glasi moja kila siku huongeza hatari kidogo, na kadiri mtu anavyozidisha ndivyo hatari inavyozidi. Hatuzungumzii divai ya Misa, bali makreti yanayofuata baada ya Kipaimara!

Unene nao una hatari zaidi baada ya hedhi kukoma, kwa sababu wakati huo mafuta ya mwili ndiyo yanayotengeneza estrojeni. Kwetu mama akinenepa husifiwa kwamba ametunzwa. Anayelima kwa jembe mwaka mzima hahitaji kufundishwa mazoezi. Lakini mwenye duka au kazi ya ofisini atembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, na apunguze soda, maandazi na mafuta ya kukaangia.

Hata hivyo, hizi si kinga kamili. Wapo akina mama walionyonyesha watoto wao wote, hawajaonja pombe, na bado wakaugua. Tusiwanyoshee kidole katika jumuiya zetu.

Mama akiona uvimbe kwenye titi au kwapani, hata kama hauumi, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoanza kuingia ndani, au damu kutoka kwenye chuchu, aje hospitali wiki hiyo hiyo. Asingoje mavuno, wala asianze na dawa za kienyeji. Sala ziendelee huku yuko njiani. Akina baba nao huupata ugonjwa huu, ingawa kwa nadra, na wao huchelewa zaidi kwa kuona aibu.