Msikiti wa Ferhadija: Kujenga kwa Mawe Yaleyale

Katika mji wa Banja Luka, nchini Bosnia, mtawala wa Kiosmani Ferhad-paša Sokolović alijenga msikiti mwaka 1579. Inasimuliwa kuwa fedha zilitokana na fidia ya kumkomboa kijana wa jenerali wa Austria aliyetekwa vitani. (Kamati zetu za ujenzi zisiige njia hiyo!)

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei 1993, wakati wa vita, msikiti ulilipuliwa. Kifusi kilitupwa majalalani, na mawe mengine bwawani.

Mwaka 2001 waumini walikusanyika kuweka jiwe la msingi. Umati uliwashambulia, na mmoja wao akafariki baadaye kwa majeraha. Kazi haikuachwa. Mawe yalitafutwa, yakasafishwa na kutambuliwa moja moja kwa kuyalinganisha na picha na michoro ya zamani. Yaliyokosekana yalichongwa upya. Ugumu ulikuwa hapo, kwani jiwe la zamani halinunuliwi dukani, na bila kumbukumbu za jengo mafundi wasingejua likae wapi. Msikiti ulifunguliwa tena tarehe 7 Mei 2016, miaka 23 kamili tangu ulipolipuliwa.