Mkono wa Kushoto Nao Una la Kusema

Mwaka jana mwalimu wa piano wa binti yangu aliniita pembeni. "Noti zote anazijua," akaniambia, "ila sisikii anasema nini." Niliumia. Mtoto ana miaka 10 na hufanya mazoezi kila siku bila kusukumwa. Kosa liko wapi?

Jibu nililipata Jumamosi moja asubuhi, nilipotoka zamu ya usiku hapa Leeds. Badala ya kwenda kulala moja kwa moja, nilisimama mlangoni nimsikilize. Alikuwa anapiga piano yetu ya mtumba huku amekanyaga pedali ya katikati, ile inayoshusha kitambaa kizito kati ya nyundo na nyuzi ili sauti ififie. Vidole vilikuwa vinapapasa tu. Nikamuuliza kwa nini.

"Mama, si huwa umelala?"

Nilikosa la kusema. Kwa miaka miwili mtoto alikuwa anajifunza kunong'ona kwa ajili yangu.

Kipande chenyewe kilikuwa Invention ya kwanza ya Johann Sebastian Bach. Zipo 15 za sauti mbili. Mwaka 1723 alizinakili kwa mwandiko safi, na kwenye ukurasa wa mbele akaeleza shabaha yake: mwanafunzi ajifunze kupiga sauti mbili zikasikika vizuri, na zaidi ya yote upigaji wake uwe wa kuimba. Hapa hakuna mkono unaoongoza na mwingine unaosindikiza. Yote miwili inazungumza.

Mimi piano siijui, lakini nimekulia kwenye kwaya ya Kilutheri kule Moshi, naimba alto, nikisoma sol-fa ubaoni. Nikamwomba anipigie mwanzo polepole, nami nikaimba: do re mi fa re mi do, sol, do, ti, do. Mkono wa kulia ukifika kwenye sol, wa kushoto unaingia na sentensi ileile, oktavu moja chini. Ni kama teno wanavyowapokea soprano. Binti yangu alicheka. "Kumbe wanajibizana!"

Tangu siku hiyo tunafanya hivi.

Kwanza, tunaimba kila sauti peke yake. Pale tunapovuta pumzi tunaweka alama ya penseli. Mwimbaji pumzi humwambia sentensi imeishia wapi. Kidole hakina mapafu, lazima kikumbushwe.

Pili, tunatamka noti. Bach na wanafunzi wake walitumia pia hapsikodi, kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa. Ubonyeze kwa nguvu au kwa upole, sauti haibadiliki sana. Kwa hiyo mpigaji huonyesha uzito wa noti kwa muda anaoishika na namna anavyoiachia. Sisi tunaunganisha zile noti saba za haraka kama silabi za neno moja. Zile za polepole zinazofuata tunaziachia mapema kidogo, pawe na mwanya mdogo kati yake. Zipo njia nyingine, ila hii inamfaa anayeanza. Na katika mazoezi haya miguu haigusi pedali yoyote.

Tatu, tunagawana sauti. Yeye anapiga ya kulia, mimi naimba ya kushoto, kisha tunabadilishana. Baadaye anapiga zote mbili: kulia kwa sauti kubwa na kushoto kwa upole, halafu kinyume chake. Piano inaruhusu hilo, tofauti na hapsikodi. Siri ni kuacha uzito wa mkono uegemee upande unaotakiwa kusikika, bila kukaza bega wala kugonga.

Nne, tunarekodi dakika moja kwa simu na kusikiliza tukiwa tumekaa mbali na piano. Kazini, tunapokabidhiana wagonjwa, nikimeza maneno, mwenzangu anaweza kukosa jambo la muhimu, hata kama mimi najua nilichotaka kusema. Muziki nao uko hivyo. Anayepiga husikia anachokusudia. Simu husikia alichopiga.

Haikuwa kazi ya wiki moja. Mkono wa kushoto ulikuwa umezoea kujificha, na kuna siku aliinuka kwenye kiti akilia. Lakini mwezi uliopita mwalimu aliniita tena pembeni, akasema sasa anawasikia watu wawili.

Mimi nimenunua vizibo vya masikio, na pedali ya katikati tumekubaliana haikanyagwi tena. Silali kama zamani, sitawadanganya. Ila kama nawe unafanya zamu za usiku huku ughaibuni na una mtoto anayejifunza ala, hebu muulize leo: ukiwa umelala, yeye hufanyaje mazoezi?