Mbwa Mkali ni Mbwa Gani?

Mgeni apitaye katika mitaa ya zamani ya Jinja, penye nyumba zenye nyua pana, huenda akaona kibao kilichopigiliwa langoni: "Mbwa Kali". Tusimlaumu fundi kwa kosa la sarufi, kwani ujumbe wake waeleweka hata kwa asiyezungumza Kiswahili nyumbani kwake. Swali letu ni jingine: ni mbwa yupi hasa apaswaye kuogopwa na mama mwenye watoto?

Wengi watamtaja mbwa wa Kijerumani mwenye masikio yaliyosimama, afugwaye kulinda maduka na maghala. Uingereza nayo iliwaza hivyo: kwa sheria ya mwaka 1991 ilipiga marufuku aina nne za mbwa, na tangu Februari 2024 ni kosa kumiliki XL Bully bila hati maalumu. Hoja hiyo ina ukweli wake, maana mbwa mwenye mwili mkubwa na taya zenye nguvu aumapo hurarua nyama, hali mdogo angetoboa ngozi tu. Lakini tabia haifuati mbegu kama tudhanivyo. Uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2022, uliohusu mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba aina hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa na mbwa. Yaliyosalia yatazamwe kwingine, hasa katika malezi. Mbwa afungwaye mnyororo mchana kutwa, asiyezoezwa watu, huwa hatari hata kwa mwenyewe.

Sasa twende Mbale, chini ya Mlima Elgon. Huko mbwa wa kienyeji, mwembamba, huzurura bila ua wala mnyororo na kuwafuata watoto shambani. Hakuna amwekeaye kibao. Naye, asipochanjwa, ndiye nimwogopaye zaidi, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba karibu asilimia 99 ya wanadamu wapatao ugonjwa huo huambukizwa na mbwa, na kwamba watu 40 katika kila 100 waumwao na mbwa anayeshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, kupona ni nadra mno. Hivyo mkwaruzo wa kijibwa kisichochanjwa waweza kuua, na jeraha kubwa la mbwa aliyechanjwa likapona.

Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15 kamili. Lisipakwe mkaa, pilipili wala majani. Kisha apelekwe hospitali siku ileile. Jinja na Mbale zote zina hospitali kuu ya rufaa ya mkoa. Sindano za chanjo ni kadhaa, nazo zimalizwe kama daktari alivyopanga, hata kidonda kikiwa kimefunga. Mbwa akiweza kufungwa salama, asiuawe, bali aangaliwe siku 10. Lakini matibabu ya mtoto yasingojee siku hizo.

Watoto wafundishwe kutomgusa mbwa alaye au anyonyeshaye, na kutomkimbia. Tena waambiwe wazi kwamba hawatachapwa wakisema wameumwa, hata kama walikuwa wakimchokoza. Mtoto aogopaye fimbo huficha alama ndogo ya jino chini ya kaptura yake, na mama asijue neno.