Betri Mpya Inapoilisha ya Zamani

Nyumba nyingi zenye umeme wa sola huanza na betri moja. Baada ya miaka michache betri ile huchoka, taa zikaanza kufifia hata watu hawajalala. Mwenye nyumba ananunua mpya, na kwa kuwa ya zamani bado ina uhai kidogo, anamwomba fundi aziunge sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Anaamini zitasaidiana. Je, husaidiana kweli?

Kanuni ya Ohm peke yake haitoshi kujibu. Hapa mkondo una njia zaidi ya moja, na vyanzo vya umeme ni viwili. Saketi za namna hii zilipata ufumbuzi mwaka 1845, pale Gustav Kirchhoff, mwanafunzi wa miaka 21 mjini Königsberg, alipotoa kanuni mbili. Ya kwanza: nyaya zinapokutana, mkondo unaoingia hulingana na unaotoka, kwani chaji hairundikani wala haipotei. Ya pili: ukizunguka kitanzi chochote cha saketi mpaka ukarudi ulipoanzia, volti zilizopanda na zilizoshuka hufutana. Ni sawa na mtu anayetembea milimani: apande na kuteremka atakavyo, akirudi mlangoni kwake yuko kimo kilekile.

Tuzipeleke kanuni hizo kwenye betri zetu. Tuseme mpya ina volti 12.4 na ukinzani wa ndani wa omu 0.1, ya zamani ina volti 11.8 na omu 0.2. Taa na redio kwa pamoja zina ukinzani wa omu 4. (Betri halisi huwa na ukinzani mdogo zaidi, tarakimu hizi nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi.)

Hatujui mkondo unaelekea wapi, na hatuhitaji kujua. Tunakisia tu kwamba kila betri inatoa mkondo: mpya inatoa A, ya zamani inatoa B. Kwa kanuni ya kwanza, taa na redio zinapata A + B. Kwa kanuni ya pili, kitanzi cha betri mpya kinatupa 12.4 = 0.1A + 4(A + B), na cha betri ya zamani 11.8 = 0.2B + 4(A + B). Toa mlinganyo wa pili kwenye wa kwanza, upate A = 6 + 2B. Ukiirudisha kwenye mlinganyo wa pili, B ni −1 na A ni 4.

Mwanafunzi akiona alama hiyo ya hasi hudhani amekosea, akafuta na kuanza upya. Asifute. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzuri wote wa kanuni hizi: ukikisia mwelekeo vibaya, hesabu yenyewe inakusahihisha. Hasi inasema mkondo wa betri ya zamani unaingia badala ya kutoka. Betri mpya inatoa ampea 4, taa na redio zinapata 3, na ampea 1 inamezwa na betri chakavu.

Sasa zima kila kitu, ulale. Kinabaki kitanzi kimoja cha betri mbili: tofauti ya volti 0.6 ikigawanywa kwa omu 0.3 ni ampea 2. Giza limetanda, hakuna taa inayowaka, na betri mpya bado inamwaga umeme ndani ya mwenzake mpaka volti zao zilingane. Ya zamani ikiwa haitunzi chaji tena, hata kulingana huko hakudumu.

Kanuni hizohizo zinatumika kwenye saketi zenye maelfu ya vitanzi. Programu ya SPICE, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, hupanga milinganyo ya Kirchhoff na kuiachia kompyuta iifumbue.

Nyumbani huhitaji kompyuta. Kabla ya kuunga betri sambamba, hakikisha ni za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja, kisha pima volti ya kila moja ikiwa peke yake. Zikitofautiana, usikubali ziungwe, hata fundi akikuhakikishia kwamba zitazoeana.