Kusinye kontra mu imeli: kitu chenye kitakulinda siku ya mabishano

Bandugu, wengi wetu hii tunaijua. Ni Alhamisi mangaribi, uko nyumbani Kikula, telefone inalia. Imeli imeingia: "Tunakutumia kontra. Uirudishe na sahihi yako kesho mbele ya saa sita ya mchana." Furaha inajaa. Kisha unakumbuka: nyumbani hakuna emprimanti, umeme umekatika, na siber zimefunga. Kesho asubuhi utazunguka mjini kutafuta mwenye jenereta, utalipa franga za kuchapa kurasa nane, utatia sahihi na bic, na utalipa tena ili waiskane.

Mimi siku moja nilitafuta njia ya mkato. Kontra ilikuwa ya kupima mashamba ya mahindi na mihogo upande wa Kambove, siku 20 za kazi. Nilichapa paka ukurasa wa mwisho, nikatia sahihi, nikapiga picha, nikatuma. Kazi ilipoisha, kontra waliyonionyesha kwa malipo ilikuwa na ukurasa wangu wa mwisho, sahihi yangu kabisa, lakini ukurasa wa pili ulisema siku 15. Kitu kilichoniokoa ni imeli yao ya kwanza, ambayo sikuifuta. Ndani yake faili yao wenyewe ilisema siku 20, na tarehe iko pale. Niliwarudishia ile imeli kwa adabu, wakalipa siku 20.

Toka siku ile nilianza kujifunza vizuri mambo ya kutia sahihi mu telefone. Haya njo niliyoyapata.

Kutia sahihi, ama kusinye kama tunavyosema hapa kwetu, ni kusema mambo mawili: "Ni mimi," na "Nimekubali maneno haya, hapana mengine." Juu ya jambo la pili, kwenye karatasi tunaandika herufi za kwanza za jina kwenye kila ukurasa. Mu imeli ni vilevile. Mutu anaweza kuhangaika kama mchoro wake unafanana na ule wa kadi ya mpiga kura, lakini swali kubwa ni hili: siku ya mabishano, utaonyesha namna gani kwamba ni wewe uliyekubali, na kwamba maneno hayakubadilishwa?

Kuna ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni mchoro. Unachora jina na kidole juu ya kioo cha telefone, ama unabandika picha ya sahihi yako. Ni rahisi, na kwa kontra ndogo mara nyingi inatosha. Lakini peke yake ina ushahidi kidogo: kila mwenye picha ya sahihi yako anaweza kuibandika popote.

Ngazi ya pili ni huduma kama Docusign ama Adobe Acrobat Sign. Mwenye kontra anaweka faili pale, wewe unapokea imeli yenye kifungo. Unafungua, unasoma, unatia sahihi. Wewe hulipi, anayetuma njo ana abonema. Huduma inaandika ni imeli gani ilitumika, siku gani, saa gani, na mwishoni kila upande unapata nakala ileile.

Ngazi ya tatu ni sahihi yenye cheti. Programu inapiga hesabu juu ya faili nzima na kupata namba, kama alama ya kidole ya ile faili. Namba hiyo inafungwa na ufunguo wa siri ulio wako peke yako, na mwenye kupokea anaihakiki na ufunguo mwingine, wa wazi. Cheti kinasema ufunguo huo ni wa nani. Mutu akigeuza 20 kuwa 15, alama haipatani tena, na programu inatoa onyo. Wazo hili lilitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, na mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wakapata hesabu ya kulifanya kazi.

Wenzangu wa agronomia wataelewa upesi. Mchoro ni kama kuandika "mbegu nzuri" juu ya mfuko. Cheti ni mfuko ulioshonwa pamoja na lebo ya SENASEM: ukikata uzi, kila mutu anaona.

Na sheria inasema nini? Kwetu kuna Code du numérique, ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Inatambua maandishi ya elektroniki na sahihi ya elektroniki kama ushahidi, mradi mwenye kuandika ajulikane na maandishi yahifadhiwe bila kubadilika. Ni yale mambo mawili ya juu. Majirani nao wana sheria zao: Uganda toka 2011, Tanzania toka 2015. Kwa hiyo mutu akikuambia "bila karatasi haina maana", unaweza kumjibu kwa heshima.

Lakini usipite mpaka. Mambo ya kiwanja usiyamalize mu telefone. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, haki juu ya ardhi inasimama juu ya certificat d'enregistrement, na ile inatoka kwa conservateur, haitoki mu imeli ya muuzaji. Na ofisi ikitaka karatasi yenye muhuri, mpe karatasi. Usipoteze kazi juu ya mabishano.

Basi, kontra ikiingia, fanya hivi:

1. Soma yote kwanza. Siku ngapi, malipo ni dola ama franga, nani analipa usafiri, na mtaachana kwa masharti gani.

2. Pakua faili na uifungue na Adobe Acrobat Reader, ambayo unaipata bure. Tafuta "Remplir et signer". Mwenye iPhone anaweza kutia sahihi palepale ndani ya imeli.

3. Tia sahihi kwenye faili nzima, na weka herufi za jina kwenye kila ukurasa. Usitume ukurasa wa mwisho peke yake kama mimi nilivyofanya.

4. Hifadhi na jina jipya. Faili ya kwanza iache vile ilivyo.

5. Jibu juu ya imeli ileile, usianze nyingine, na andika waziwazi: "Nimesoma kontra ya kurasa 8, ya siku 20 za kazi, na nimeikubali. Nakala yenye sahihi yangu ni hii." Mistari hiyo miwili ina nguvu kuliko mchoro mzuri.

6. Omba nakala yenye sahihi yao. Mbele ya kuipata, usiache kazi nyingine uliyo nayo.

7. Usifute kitu. Weka nakala mahali pengine pia, kwa kuwa telefone inaibiwa, inaanguka mu maji.

Faida nyingine: PDF ya maneno matupu mara nyingi ni nyepesi kuliko picha moja ya telefone. Kurasa nane zinapita hata na megabaiti za mwisho.

Sasa hatari. Matapeli wanajua kwamba tunatafuta kazi. Wanatuma imeli inayofanana na ya huduma za sahihi: "Umechaguliwa, bonyeza hapa usinye." Ukibonyeza, ukurasa unakuomba neno la siri la imeli yako. Simama pale. Ili kutia sahihi kwenye kontra, hakuna mutu anayehitaji neno la siri la imeli yako. Tazama adresi ya aliyetuma, herufi kwa herufi. Jiulize: hii kazi niliiomba? Pigia shirika kwa namba uliyoipata mahali pengine, si ile iliyo ndani ya imeli. Na kama wanaomba utume kwanza pesa ya "dosie" kwa Mobile Money, funga telefone na ulale.

Linda pia ule mlango wenyewe. Anayeingia mu imeli yako anaweza kukubali kontra kwa jina lako, na hata kufuta ushahidi wako. Weka neno la siri gumu, washa uhakikisho wa hatua mbili, na ukitumia mashine ya siber, toka kabisa mbele ya kuamka kwenye kiti.

Tulisoma miaka mingi ili tupate lisansi, na kontra ya kwanza tunaitia sahihi kwa dakika mbili bila kusoma. Jioni ya leo, mbele ya kulala, ingia mu imeli yako na utafute kontra yako ya mwisho. Kama unaipata ikiwa nzima, na tarehe, na sahihi za pande mbili, uko salama. Kama hauipati, iombe kesho asubuhi, wakati bado mnaongea vizuri.